Mhariri, joto la chumba mbona hamuliandiki?

Kwako Mhariri,

Salaam aleikum na poleni na kazi. Naandika kuhusu ile makala yenu ya ukurasa wa teknolojia, ile ilosema ati kijana wa Pwani akitaka kuovakloki prosesa yake, yaani kulipandisha lile bongo la kompyuta mwendo kuliko ulioandikwa kiwandani, asihangaike na feni, aende moja kwa moja akanunue kipozaji cha maji kwa sababu joto la huku ni kali. Joto kali, hilo hatubishani. Lakini dawa mloiandika sio, alafu chini mkaweka jedwali zuri la vipozaji na digrii zake, hiki 68, hiki 72, hiki 75, na hakuna mahali pamesemwa hizo digrii zilipimwa ndani ya chumba cha joto gani. Hapo ndo nikashika simu nianze kuandika, na kama barua ni ndefu mtanisamehe, ikateni mnavyotaka ila hili la chumba msilikate.

Manake kipozaji chochote cha hewa, kiwe cha bei gani, hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayokizunguka. Kazi yake ni kulitoa joto kwa prosesa na kulimwaga kwa hewa, basi. Kwa hivo kinachoonyesha uzuri wa kipozaji si digrii za prosesa, ni tofauti kati ya prosesa na chumba. Mtu yuko Ulaya chumba chake digrii 21, prosesa anaipigisha kazi mpaka inatulia kwa 68, tofauti hapo 47. Kipozaji hichohicho na prosesa hiyohiyo na voltiji hiyohiyo mlete Kisauni huku Mombasa mwezi wa pili, kaskazi limetulia kabisa hakuna hata jani linalotikisika, chumba digrii 32, utapata 79 na hakuna alokosea kitu. Na hapo bado sijatia grafiksi kadi inayotema wati zake mia mbili ndani ya kasha hilohilo la kompyuta, hewa inayokifikia kipozaji haiwi 32 tena, yaweza kuwa 38, yaweza kuwa 40. Alafu mwenyewe anarudi dukani kugombana ati ameuziwa feki kwa sababu kwenye video aliona 68.

Na kinyume chake pia ninakiona. Mwezi wa saba kusi likivuma, kompyuta ileile inashuka digrii kadhaa yenyewe bila kuguswa na mtu anaapa ni ile pesti mpya alopaka kati ya prosesa na kipozaji ndo imeanza kukaa.

Tuje kwa maji sasa. Hayo maji hayaendi popote wala hayana ubaridi wake. Yanalichukua joto juu ya prosesa, pampu inayasukuma kwenye mipira mpaka kwenye rejeta, na rejeta inapozwa na feni kwa hewa ileile ya Kisauni ya digrii 32, kwa hivo sheria ni ileile, chini ya joto la chumba hayashuki. Faida yake ni kwamba rejeta ni pana na unaweza kuifunga mahali hewa inaingia vizuri, na maji yanachukua muda kupata moto kwa hivo kazi fupifupi hazipandishi digrii kwa ghafla. Hizo ni faida za kweli. Ila rejeta ndogo ya milimita 120 ya feni moja, ndo hizo zinazouzwa kwa bei rahisi zikiwa na mataa ya kila rangi, haishindi mnara mzuri wa chuma wenye feni mbili, yaani kile kipozaji cha hewa kilichosimama wima. Rejeta ya 240 inakaribiana nao, siku nyengine huyu mbele siku nyengine yule. Ya 360 hapo nakubali, mtu mwenye Core i9-13900K ambayo Intel wenyewe wameiandikia wati 253 ikiwa kwenye turbo, yaani inapojipandisha mwendo yenyewe, asinisikize mimi, anunue ya 360 na Mungu ambariki. Lakini nani kati ya vijana wetu anaovakloki hiyo? Wengi wana prosesa za koa sita au nane, yaani vichwa sita au nane vya kufanya kazi ndani yake, za wati 65 mpaka 125 kwenye boksi, na hao ndo mlowaambia wakatafute maji.

Mtoto wa jirani yangu aliambiwa hivohivo na duka moja mjini, akauziwa ya maji ya 120 kwa pesa ambazo angepata mnara wa feni mbili na chenji ya kununua feni ya kasha. Inawaka zambarau, inawaka kijani, na prosesa iko palepale. Nampenda sana yule kijana na sikumwambia kitu.

Alafu pampu ni mashine, ina siku yake ya kufa. Na maji hupungua kidogokidogo kupitia kwenye mipira miaka ikienda hata kama hakuna panapovuja, ndo maana garanti nyingi za hivi vitu ni miaka mitano au sita. Mimi kazi yangu ni kuediti video za harusi, na mjue Shaaban ikiingia watu wanaozeshana kabla ya Ramadhani, harusi zinafuatana Ijumaa Jumamosi Jumapili, kompyuta inarenda, yaani inaitoa video ilokamilika, usiku kucha na mimi nimelala. Feni ya mnara ikifa saa nane za usiku, prosesa inajipunguza mwendo yenyewe na lile bonge la chuma linaendelea kulibeba joto kidogo, asubuhi naenda kununua feni ya 120 popote naifunga kwa waya zake mbili nimemaliza. Pampu ikifa, kwishne, kipozaji kizima kinatupwa na bi harusi anangoja video.

Sasa kabla mtu hajauliza anunue kipozaji gani, aulize kwanza kama prosesa yake inaovaklokika, na hili nalisema bila kumcheka mtu. Vijana wengi wanaonijia wana zile kompyuta za ofisi zilotoka Uingereza, Dell OptiPlex na HP za kina i5-6500, nzuri tu kwa kazi yake, lakini prosesa ya Intel isokuwa na K mwishoni mwa jina imefungwa, na hata yenye K inataka madabodi, ile bodi kubwa inayobeba prosesa, ya daraja la Z ndo uongeze mwendo. Upande wa AMD, wapinzani wa Intel, prosesa zao za Ryzen karibu zote ziko wazi, ila madabodi ya A320 hairuhusu, inataka B350, B450 na kwenda juu. Na hizo kasha za ofisi tundu za skrubu na nafasi si za kawaida, mnara wa kawaida hauingii hata ukiusukuma. Mwenye hiyo anunue SSD, ile diski ya kasi, kama hana, ataona tofauti zaidi.

Haya, mwenye prosesa iliyo wazi. Watu wanadhani mwendo ndo unaoleta moto. Mwendo unaleta, lakini voltiji ndo mwizi mkubwa, kwa sababu joto linapanda sawa na mwendo lakini voltiji inazidishwa kwa yenyewe. Chukua Ryzen 5 2600, ndo ninayoitumia mimi kwa ile mashine ya pili, AMD wameiandikia wati 65, mwendo wa kawaida gigahezi 3.4 na turbo 3.9. Tuseme ilikuwa inakimbia 3.6 kwa volti 1.2 na wewe ukaipandisha 4.1 kwa volti 1.35. Mwendo umeongezeka kama asilimia 14 tu. Voltiji peke yake imeongeza joto zaidi ya robo. Ukizijumlisha zote mbili umeongeza moto kwa asilimia 44, na kipozaji ni kilekile kilichotoka kwenye boksi, ile Wraith Stealth ambayo ni kipande cha aluminiamu kitupu kisokuwa na hata mrija mmoja wa shaba wa kubeba joto. Ilitengenezwa kwa wati 65, si kwa hizo zako. Kwa hivo kama una hiyo Stealth na umeshaovakloki, ndio, badilisha, wala usiulize mara mbili. Na Intel zile za K tangu 2015 zinakuja bila feni kabisa, wewe ndo mwenye kuchagua.

Kuchagua chenyewe. Mnara mmoja wenye mirija minne ya shaba na feni moja ya 120, kina Hyper 212 na DeepCool AK400, hao wanatosha kwa prosesa ya koa sita ilopandishwa kidogo, mtu asozidi volti 1.3 hivi. Kwa wanaotaka kusukuma zaidi, na kwa joto letu hili, mimi nasema nenda moja kwa moja kwa kipozaji cha minara miwili iloungana. Thermalright Peerless Assassin 120 SE ina mirija sita, feni mbili, urefu milimita 155, na Marekani imekuwa ikiuzwa kama dola 40, yaani hata ukiongeza gharama ya kuileta bado haikuumi. DeepCool AK620 ni ya namna hiyohiyo, urefu 160. Noctua NH-D15 ya tangu 2014 ndo baba yao, feni mbili za 140, urefu 165, uzito zaidi ya kilo moja na robo, na ile ya pili yake ya 2024 wakaitoa kwa dola 150. Ni kitu kizuri sana, feni zake zinakaa miaka na kampuni inakutumia vyuma vya kufungia soketi mpya, lakini tofauti ya digrii kati yake na ile ya dola 40 ni chache mno, na mimi hiyo pesa ilobaki naijua pa kuipeleka, nitasema mbele.

Kuhusu kelele sitapoteza wino. Wapimaji wa ng'ambo wanajaza kurasa na desibeli. Hapa kuna feni ya juu inazunguka tangu asubuhi, dirisha liko wazi, tuktuk zinapiga honi, msikiti wa karibu unaadhini. Feni ya kompyuta iwache ikimbie.

Kinachonisumbua zaidi ni urefu. Mtu ananunua kipozaji cha 160, anafika nyumbani mlango wa kasha haufungi, anauacha wazi, na mlango ukikaa wazi kwetu huku panaingia vumbi na mende na ile hewa ya chumvi. Chukua rula, pima kutoka uso wa prosesa mpaka ndani ya mlango wa kasha, toa milimita tatu nne za usalama, hiyo ndo namba unayoenda nayo dukani. Kasha nyingi ndogo za bei nafuu zinaishia 155 mpaka 160 hivi, kwa hivo milimita tano tu zinaamua. Na uangalie ramu, vile vijibao vya kumbukumbu vilivyo kando ya prosesa, zile zenye mabati marefu ya mapambo zinaigonga feni ya mbele, basi inabidi uipandishe feni juu na ile 155 yako imekuwa 165 hivihivi. Watu wa maduka wangeandika urefu kwa milimita kwenye kile kikaratasi cha bei wangetuokoa safari nyingi za mjini, lakini wanaandika "geming" na idadi ya rangi.

Soketi pia, yaani kikalio cha prosesa kwenye madabodi. AM4 ya kina Ryzen za mwanzo na AM5 za 2022 kuja huku zinachangia tundu zilezile, kipozaji kinachotumia bamba la nyuma la madabodi yenyewe kitaingia kote, ila kinachokuja na bamba lake, kwenye AM5 hakiingii kwa sababu lile la madabodi halitoki. Intel LGA1700 ya mwisho wa 2021 tundu zake ni pana kidogo kuliko LGA1200 na za nyuma yake. Kwa hivo ukinunua kipozaji cha mkono wa pili pale mjini usikitazame chuma tu, uliza vyuma vya kufungia viko wapi na ni vya soketi gani, manake chuma bila vyuma vyake vya kufungia ni pambo la mezani.

Nikiwa kwenye mkono wa pili, kitu cha kwetu cha Pwani ambacho hamtakiona kwenye video yoyote. Kitazame pale mirija inapopinda karibu na chini. Mirija ya shaba tupu ilokaa karibu na bahari inaanza kuwa nyeusi alafu inaota kijani, na pale mrija unapopita kwenye bati la aluminiamu panakuwa na ungaunga mweupe. Ukiona ungaunga huo mwingi wacha, mshikano kati ya bati na mrija umeanza kulegea, joto halipiti vizuri hata usafishe vipi. Iliyopakwa nikeli, ile inayong'aa rangi ya fedha, au iliyopakwa nyeusi yote, inastahimili zaidi. Na feni za bei ya chini sana mafuta yao hukauka upesi kwa joto, unaanza kusikia inakwaruza ikiwaka asubuhi. Na hapa niwatoe watu wasiwasi mmoja ambao nimeusikia zaidi ya mara moja, ati kipozaji kikubwa kitafanya madabodi itokwe na jasho kwa sababu ya unyevu wa huku. Haiwezekani. Maji hutokea kwenye kitu kilicho baridi kuliko hewa, na tumeshasema mnara wa hewa haushuki chini ya hewa.

Kufunga. Hapa ndo digrii kumi zinapotelea na mtu analaumu kampuni. Kwanza kukitoa cha zamani: kwenye AM4 prosesa ina vipini vyake 1,331 upande wa chini na soketi inaishika kwa upole tu, sasa pesti ikiwa imekauka ukivuta kipozaji juu kwa nguvu inakuja na prosesa imegandana nayo, vipini vimepinda. Iwashe kompyuta kwanza, ifanyishe kazi dakika kumi pesti ilainike, zima, toa waya wa stima, legeza skrubu, alafu kizungushe kipozaji taratibu kushoto kulia, kizungushe, usivute, mpaka usikie kimeachia. Sugua pesti ya zamani na spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi. Pesti mpya kadiri ya punje moja ya pojo katikati, ukikibana itasambaa yenyewe, kuipaka kwa kadi ya simu na kuimwaga mpaka pembeni hakuongezi kitu. Skrubu kaza kwa mkato, huku kidogo na kule kidogo, usikaze upande mmoja mpaka mwisho ndo uende mwengine.

Na toa ile nailoni ilobandikwa chini ya kipozaji kipya. Kuna mama mmoja ana studio ya picha, aliniletea mashine imefungwa kipozaji kipya na fundi wa duka, inagonga 95 ikifungua Photoshop tu, akaambiwa prosesa imeungua anunue nyengine. Nikakitoa kipozaji, chini yake ile nailoni ya kukinga ingali imekaa na maandishi yake ya kuonya kuwa uitoe, na pesti imepakwa vizuri kabisa juu ya nailoni. Nikaitoa, nikapaka, nikafunga, mama hakutaka hata chai, alitaka ile nailoni akaionyeshe dukani.

Sasa ile pesa ilobaki. Ipeleke kwenye kasha. Kasha zinazosifiwa mjini sasa hivi zina kioo mbele, kioo pembeni, na hewa inaingilia mfereji wa upana wa kidole. Ndani ya kasha la namna hiyo hata hiyo NH-D15 inazungusha hewa moto ileile. Kipimo ni rahisi, hakitaki mtaalamu: ipigishe kazi nusu saa mlango umefungwa, andika digrii, fungua mlango wa ubavuni, ipigishe tena nusu saa. Zikishuka digrii mbili tatu kasha lako liko sawa na shida kama ipo ni ya kipozaji. Zikishuka saba nane au zaidi, kipozaji usikiguse, tafuta kasha lenye wavu mbele na feni mbili za kuvuta hewa ndani na moja nyuma ya kutoa. Feni ina mshale mdogo ubavuni unaoonyesha hewa inakwenda wapi, na mnara ufungwe hewa ikitoka mbele kwenda nyuma, nimeona uloelekezwa kinyume ukipigana na feni ya nyuma, kila mmoja anamrudishia mwenzake. Na kasha liondoeni kwenye kile kijisanduku cha chini ya meza, mgongo umekaribiana na ukuta, ndo kwanza mtu anauliza anunue kipozaji gani.

Kitu kimoja minara inachonyima: feni ya boksi inapuliza chini kwenye madabodi, inapoza na zile sakiti za kugawa umeme zilizozunguka soketi. Mnara unapuliza pembeni, hizo zinabaki bila upepo. Kwenye B450 ya bei ya chini isokuwa na vipande vya aluminiamu juu ya hizo sakiti, prosesa itakuwa 75 tulivu na bado mashine inapunguza mwendo kwa sababu sakiti ndo zinaungua. Hapo upandishaji wenyewe upunguze, hakuna kipozaji kitakachokusaidia.

Ndo nafika kwenye neno ambalo kwenye makala yenu halikuwepo kabisa, na lingewasaidia wasomaji bila kutoa senti: kushusha voltiji. Prosesa nyingi zinatoka kiwandani na voltiji ya akiba. Mtu akiingia BIOS, ile mipangilio ya madabodi kabla Windows haijawaka, akashusha kidogo, akajaribu, akashusha tena mpaka inapoanza kuzima ghafla, akarudi hatua moja juu, anaweza kubaki na mwendo uleule na moto mdogo. Kwa Ryzen za 5000 na kuja huku hata kuovakloki kwa mkono koa zote kwa mwendo mmoja mara nyingi kunakupunguzia, kwa sababu ile turbo ya koa moja inayopanda yenyewe unaipoteza, bora utumie ile ya AMD yenyewe ya kupangia kila koa voltiji yake. Na Ryzen za 7000 AMD walisema tangu zilipotoka 2022 kwamba zile kubwa zimetengenezwa zipande mpaka 95 zikifanya kazi nzito na hapo ndo zinajishika. Mwenye hiyo akiiona 95 asikimbilie duka, aangalie kama mwendo unashuka. Usiposhuka, iache. Kipozaji kikubwa zaidi kwa prosesa ya namna hiyo kinampa mwendo kidogo zaidi, digrii anaweza asione hata moja.

Prosesa hizi mpya pia vipande vyake vya ndani ni vidogo mno, joto lote linatokea mahali padogo, kwa hivo mrija wa sita na wa saba hauleti tofauti ulokuwa ukiileta kwa zile za zamani. Kwa ile 2600 yangu ambayo kipande chake ni kikubwa, mnara wa feni mbili ulileta tofauti ya kuonekana mchana kweupe, nimeifunga 4.0 kwa volti 1.3 na harusi zinatoka. Sijaiweka 4.1 kwa sababu ile hatua ya mwisho inataka voltiji nyingi kwa faida ya dakika chache kwenye kurenda kwa saa nne, na bili ya stima nalipa mimi.

Kwa hivo Mhariri ombi langu ni hili. Hilo jedwali mlitoe tena. Kila kipozaji wekeni tofauti yake na joto la chumba, urefu kwa milimita, na soketi zake, hata mkiacha rangi za taa hatutanuna. Na kama hamna pa kupimia ya kwetu ya huku, chumba changu kipo, kipimajoto cha ukutani ninacho, na minara miwili mitatu ya kulinganisha nitaazima. Njooni mwezi wa pili, saa nane mchana, ila feni ya juu tutaizima.

Ni mimi msomaji wenu wa kila Jumamosi,
Muediti wa video za harusi,
Kisauni, Mombasa.